Mzinga wa Mtini na Mzinga wa Mlimani



Hapa Singida ukimwambia mtoto "mzinga", ataangalia juu ya mti. Atatafuta gogo lililotobolewa, limetundikwa kwenye tawi, nyuki wakiingia na kutoka. Mwambie askari mzee neno hilohilo, naye ataangalia mlimani. Lugha yetu imevipa jina moja vitu viwili: gogo lenye uwazi linalotoa asali, na bomba la chuma lenye uwazi linalotoa mauti. Jioni ya leo tuanze na huu wa chuma. Ule wa mtini tutaurudia mwishoni, kwa sababu bila huo mazungumzo ya vita katika mkoa huu hayakamiliki.

Nikuchukue kwanza mpaka Mkalama. Unatoka Singida mjini, unaiacha barabara kuu pale Iguguno, unapita Nduguti kwenye makao makuu ya wilaya, unaendelea kaskazini. Maji ya mvua ya upande huo hayaendi baharini. Yanateremka kwenye makorongo hadi Ziwa Kitangiri, na kutoka Kitangiri Mto Sibiti unayapeleka Eyasi, ambako jua linayamaliza. Ni nchi ya mito ya mchanga: miezi kadhaa ya mwaka ni njia pana nyeupe isiyo na tone, kisha mvua inanyesha milimani na korongo linakuja na magogo. Mkalama pana boma la Mjerumani. Wengi wetu tunalijua kama jengo la kale la serikali, mahali pa kupigia picha. Mwezi wa Juni 1917 lilikuwa na kazi nyingine.

Wakati huo boma lilikuwa mikononi mwa Waingereza. Waliokuja kulizingira walikuwa Wajerumani, yaani walewale waliolijenga. Mwenye nyumba alikuja kubisha hodi kwake, akajibiwa kwa risasi kutoka ukuta wake mwenyewe.

Kiongozi wa wazingiraji aliitwa Heinrich Naumann. Hakuwa yeye aliyeianza safari ile. Mapema mwaka 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na jeshi kubwa la Wajerumani huko kusini-magharibi, akageuka na kikosi chake kurudi kaskazini, katikati ya nchi ambayo adui alikwisha kuiteka. Mwezi wa Mei homa ilimwangusha, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Naumann akashika uongozi, akaivuka Reli ya Kati, akaingia pande zetu. Alikuwa na askari wazoefu, rashasha na vizinga vidogo. Akafika Mkalama, akalizunguka boma, akalipiga, akashindwa kulitwaa. Akaliacha, akaelekea kwenye boma la Ikoma.

Swali langu ni dogo. Mtu mwenye askari waliopigana miaka mitatu mfululizo anashindwaje na boma la wilaya lenye walinzi wachache? Ili kulijibu inabidi turudi nyuma miaka ishirini na mitatu, na tuhame mkoa.

Lakini kabla ya kuhama, tutazame ngome yetu wenyewe. Nazungumzia tembe. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, wote wamejenga tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, mlango mfupi unaokulazimisha kuinama. Sisi tuliolelewa ndani yake tunakumbuka moshi na joto zuri la usiku wa Julai. Vita hatuvikumbuki. Ila hebu lifikirie paa lile kama adui. Mshale wa moto ukilidondokea unazima, kwa sababu udongo hauungui. Na anayeingia mlangoni ameinama ametanguliza kisogo, jambo ambalo hakuna mpiganaji anayelipenda. Nyumba iliyojengwa mraba, na ng'ombe katikati, ilikuwa boma tosha kwa vita vya mikuki na vya kuibiana mifugo.

Udhaifu wake ni ule wa ngome zote za dunia: maji yako nje. Ndiyo maana mwenye watu wengi wa kulinda hujenga karibu na mto, na mto uko bondeni, na bonde, kwa maana yenyewe ya neno, lina milima pembeni. Fundi ujenzi yeyote wa ngome analazimika kuchagua kati ya kiu na kuchunguliwa.

Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alichagua maji. Ngome yake ilikuwa Kalenga, mkoani Iringa, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na hakuwa mjinga kuchagua hapo. Maadui aliowajua tangu ujana wake, Wangoni miongoni mwao, walikuwa watu wa miguu. Kwa adui wa namna hiyo, mto ni ukuta wa kwanza. Anayeuvuka maji yamemfika kiunoni, silaha ameinua juu ya kichwa, hana mkono wa kujikinga. Akifika ng'ambo anakuta mashamba yaliyofyekwa, uwanja mtupu usio na kichaka cha kujificha. Baada ya hapo ndipo anaukuta ukuta wenyewe, wa mawe na udongo, uliojengwa kwa miaka kadhaa kuuzunguka mji mzima. Na nyuma ya huyo mvukaji hakuna ghala. Chakula chake kiko vichwani mwa wapagazi, nao wapagazi wanakula. Kila siku anayokaa mbele ya ukuta, mzigo unapungua. Aliye ndani ana mto, ana ng'ombe, ana vihenge vimejaa. Aliye nje ana haraka. Hesabu hii ndiyo iliyozilinda ngome za mabondeni tangu zamani, na unene wa ukuta ulikuwa nyongeza tu.

Sasa ingiza mzinga katika hesabu hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alifika Kalenga na jeshi lake. Ukienda Kalenga leo, watakuonyesha upande wa Tosamaganga, mlimani, na watakusimulia kwamba mizinga ya Wajerumani ilipigia kutoka huko, na kwamba jina lenyewe linatokana na kurusha mawe. Wanaisimu wabishane wapendavyo. Mimi naona jina limebeba habari sahihi ya kivita. Kwa mtu wa ngome, kile kilima kilikuwa mahali pa malisho na kuni. Hakuna mshale wala gobori la kutoka kule juu lililoweza kuwafikia. Siku mzinga ulipowekwa pale, kilima kilibadilika maana bila kusogea hata hatua moja. Mto uliokuwa ukuta wa kwanza sasa ulikuwa umerukwa na makombora. Mashamba yaliyofyekwa hayakumdhuru mtu yeyote, kwani hakuna aliyehitaji kuyavuka mpaka ukuta ukwishe kuvunjwavunjwa. Na mji uliojaa watu, ng'ombe na akiba ya chakula, ambao ulikuwa nguvu ya ngome, ukawa shabaha isiyoweza kukosewa.

Hata hivyo, tusiipe mizinga sifa yote. Baada ya kupiga, ilibidi watu waingie. Tom Prince, ambaye baadaye alikuja kuitwa von Prince, aliongoza waliouparamia ukuta, na ndani walipigana nyumba kwa nyumba, uchochoro kwa uchochoro, kwa masaa. Kila ukuta wa nyumba ulikuwa ngome ndogo. Mwaka uliotangulia, Januari 1893, Prince huyohuyo aliingia kwenye boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, karibu na Tabora, baada ya majaribio ya mwaka 1892 kushindwa. Isike alipoona wamekwisha ingia, alijifungia kwenye ghala la baruti akaliwasha. Kwa hiyo Kalenga Prince alikuwa anajua kwamba ukuta ukishavunjwa ndipo shughuli inapoanza.

Mkwawa hakukamatwa. Alitoka, akapotea porini, na kwa takriban miaka minne aliwahangaisha, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili wasimpate hai. Kichwa chake kilichukuliwa. Fuvu lililorudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining limo kwenye makumbusho palepale Kalenga.

Hapa ndipo mimi hutofautiana na wanaohadithia Kalenga kama msiba wa ukuta dhaifu. Tazama tarehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliuvamia msafara wa ofisa wa Kijerumani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, wakamuua pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Mizinga alikuwa nayo. Bunduki za kisasa alikuwa nazo. Havikumsaidia, kwa kuwa adui alikuwa kwenye nyasi na miamba, karibu mno, upande huu na upande ule, na mzinga unahitaji mahali pa kusimama na kitu cha kulenga. Washindi wa Lugalo walikuwa watu wasiolengeka. Miaka mitatu baadaye watu walewale walijikusanya mahali pamoja, wakajizungushia ukuta, wakasubiri. Waliupa mzinga kile ulichokosa Lugalo. Na baada ya Kalenga kuanguka, waliporudi porini, Wajerumani walirudi kwenye taabu ileile ya mwanzo. Ukuta ndio uliowaangusha, na mimi naona ukuta mzuri ulikuwa hatari kuliko mbovu, kwa sababu ukuta mbovu mtu huuacha mapema.

Kuna jambo dogo la kuongezea. Neno Iringa lenyewe latokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Wajerumani walipotaka kujenga kituo chao mwaka 1896 hawakukaa Kalenga bondeni. Walipanda juu, kwenye ukingo unaoangalia bonde la Ruaha, na mji wa Iringa uko hukohuko mpaka leo. Walichukua jina la ngome, mahali pake wakapaacha. Na huku kwetu Kilimatinde, kituo chao cha miaka ya 1890 kiko ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa. Ukisimama hapo unaona Bahi imetandazwa chini kama mkeka. Watu hawa walijua vizuri mizinga hupenda nini, maana walikuwa nayo.

Sasa tugeuze upande. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905. Hapo boma ni la Mjerumani, na wanaolishambulia ni Wapogoro na Wambunga, waliotoka milimani na kwenye bonde la Kilombero, wakiamini dawa ya maji iliyotoka kwa mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe. Walikuja kwa maelfu. Ndani alikuwako Kapteni von Hassel na askari wake, na rashasha. Uwanja uliofyekwa, uleule ambao Kalenga haukumsaidia mwenye ngome, Mahenge ulikuwa machinjio. Sioni haja ya kueleza zaidi. Walikufa mistari kwa mistari. Waliobaki wakafanya jambo lililokuwa na akili kuliko lile la kwanza: walilizingira boma wakalifungia njia, wakaacha njaa ifanye kazi. Lilikombolewa mwezi uliofuata na kikosi kutoka Iringa. Kama waganga wangenena habari za subira badala ya maji, huenda Mahenge ingekuwa na simulizi nyingine. Hilo nalisema kwa uchungu, si kwa dhihaka.

Unaona basi: ukuta ni uleule, udongo ni uleule, ila umbali wa risasi umebadilika, na pamoja nao amebadilika aliye mtegoni. Wazungu nao somo hili liliwafika kwa gharama yao. Liège, mji wa Ubelgiji kando ya Mto Meuse, ulizungukwa na ngome za zege zilizosifiwa Ulaya nzima. Agosti 1914 Wajerumani walileta mizinga ya Krupp yenye kipenyo cha sentimita 42, na katika siku chache ngome zile zikawa makaburi ya waliomo.

Haya, turudi nyumbani, mwaka 1916. Vita Kuu imetufikia. Jenerali van Deventer, akiwa na jeshi lililotoka Afrika Kusini, ameitwaa Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, na masika yamemfungia hapo, njia zimekuwa tope, farasi wanakufa, chakula hakimfikii. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaona hii ndiyo nafasi. Usiku wa tarehe 9 Mei aliwapeleka askari wake kuvamia vilima walivyojichimbia Waafrika Kusini. Walipanda gizani mara kwa mara, wakarudishwa kila mara, na kulipopambazuka alikuwa amepoteza watu asioweza kuwapata tena. Alikuwa na mizinga, tena mikubwa: ilitolewa kwenye manowari ya Königsberg, iliyozamishwa delta ya Rufiji mwaka 1915, ikaburutwa nchi kavu kwa mikono ya watu. Lakini hapa wenye kilima walikuwa wengine. Von Lettow hakurudia kosa hilo kirahisi. Van Deventer aliposhuka kuelekea reli mwezi wa Julai, Kilimatinde na vituo vya jirani viliachwa. Mjerumani hakutaka kufia ukutani; hilo nadhani alijifunza kwa Wahehe, ingawa sikumbuki kusoma mahali alipowashukuru.

Na sasa jibu la swali la Mkalama liko karibu. Naumann alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho von Schele kule Kalenga, isipokuwa viwili. Cha kwanza ni makombora. Mwaka 1894 nyuma ya mizinga kulikuwa na pwani, meli na Ujerumani. Mwaka 1917 pwani ilikuwa imefungwa na Waingereza, na kila kombora lililopigwa ni moja lisilorudi. Vizinga vidogo vinahitaji mapigo mengi kuutoboa ukuta wa mawe, na mwenye mapigo ya kuhesabu hawezi kuyamalizia kwenye boma moja la wilaya. Cha pili ni muda. Nyuma yake walikuwa wanamfuata Waingereza na Wabelgiji. Hakuwa na ghala, hakuwa na kambi, alikula alichokikuta. Ile hesabu ya zamani, ya aliye ndani mwenye akiba na aliye nje mwenye haraka, ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa enzi za mikuki. Mzinga usio na kombora ni bomba la chuma, na ukuta wa Mkalama ukapata tena heshima ambayo ukuta wa Kalenga uliipoteza.

Ikoma, siku chache baadaye, mambo yaligeuka tena. Naumann alikuwa hapo, na tarehe 29 Juni Wabelgiji wakamshambulia. Walirudishwa kwa hasara kubwa. Mwezi mmoja, kikosi kimoja, maboma mawili: moja lilimshinda akiwa nje, la pili lilimfaa alipolishika yeye. Aliendelea kuzunguka mpaka mwanzoni mwa Oktoba alipobanwa akajisalimisha.

Nilisema alikula alichokikuta. Sentensi hiyo ni fupi mno kwa uzito wake. Alichokikuta kilikuwa kihenge cha mtu, na zizi la mtu. Waingereza waliomfuata nao walikula, na wapagazi wao walikula pale kilipobaki cha kula, na wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo hawakuwapo shambani mvua ilipokuja. Wagogo, wakiwamo wa upande wa Manyoni, wanaikumbuka njaa iliyoanza mwaka huohuo wa 1917 kwa jina la Mtunya. Ramani za vita zina mishale myekundu na ya buluu. Mtunya haina mshale, ingawa iliingia hata kwenye nyumba ambazo hakuna askari aliyezifikia.

Nimekuahidi mzinga wa mtini. Kabla ya vita vile vya wageni kwa wageni, Mjerumani alipokuja kujiimarisha Singida katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, alikutana na Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu. Wazee wanasimulia kwamba Liti aliwaamrisha nyuki, nao wakawavamia askari wa Kijerumani na kuwatawanya, mpaka aliposalitiwa akauawa. Mtu wa mjini akisikia hivyo hutabasamu. Basi na atabasamu pia akisoma habari za Tanga, Novemba 1914, ambako jeshi la Waingereza kutoka India lilivamiwa na nyuki katikati ya mapambano, askari wakatupa silaha na kukimbia. Hiyo imeandikwa na maofisa wenyewe, na Waingereza wameyaita mapigano yale kwa jina la nyuki. Askari aliyevaa sare nzito, amebeba bunduki na mkanda wa risasi, hana anachoweza kulenga. Nyuki hawana ukuta, wala hawasubiri mahali pamoja.

Liti hakujenga ngome, kwa hiyo hakuna gofu lake la kupigia picha. Kiwanja cha mpira cha mjini, ambacho wengi tulikizoea kwa jina la Namfua, sasa kinaitwa Uwanja wa Liti. Siku ya mechi ukipita nje ya ukuta wake utawakuta akina mama wamepanga chupa za asali chini ya kivuli, na ukiuliza imetoka wapi watakuonyesha kwa kidevu upande wa porini, kwenye mizinga.